Nani Angemwangusha Nani? Mizani ya Mabondia Wetu

Mowlem ni mtaa wa upande wa mashariki ya jiji la Nairobi, uliobanwa kati ya Umoja, Kariobangi Kusini na Dandora. Bahari hakuna, mnazi hakuna, na upepo wa jioni hauleti harufu ya mwani bali vumbi, na siku nyingine moshi wa jaa la Dandora. Lakini baraza ipo. Iko nje ya kibanda cha kinyozi, benchi mbili za mbao zilizoelekeana, na kati yake hupita watoto, mikokoteni ya maji na pikipiki. Nilikwenda huko kumjulia hali binamu yangu, nikaketishwa hapo alasiri tatu mfululizo, na alasiri zote tatu mjadala ulikuwa ule ule mmoja: lau Philip Waruinge angekutana ulingoni na Robert Wangila, nani angemwangusha nani?

Msomaji wa Mombasa, Lamu au Tanga asicheke. Mtu hupita na kikapu cha mboga, akasimama kusema neno moja, na kikapu kikanyauka hapo hapo. Upande wa Waruinge unaongozwa na fundi wa viatu, mzee aliyekwisha kupita miaka sabini, ambaye hushona huku akisema, na sindano haikosi tundu. Upande wa Wangila ni wa vijana, na msemaji wao ni dereva wa bodaboda ambaye alikuwa bado hajazaliwa Wangila alipofariki.

"Wewe mwanangu," fundi alimwambia, "umemwona Wangila kwa simu. Mimi Waruinge nilimwona kwa macho. Mtu alirusha ngumi tatu, na zote tatu zikapiga hewa, na Waruinge hakuondoka pale aliposimama."

"Mzee wangu, na heshima yako," kijana akajibu, "dhahabu ni dhahabu. Wako alileta shaba, akaleta fedha. Wetu alileta dhahabu." Akaitoa simu yake, akatuonyesha Mfaransa akilala chini mjini Seoul, kama alivyokwisha kuwaonyesha jana yake na juzi yake.

Kisha wakanigeukia mimi, kwa kuwa nina kofia ya kiua na mvi za ndevu. "Ustadh, wewe mtu wa pwani huna upande. Tuamulie." Niliwaomba muda. Hukumu ya papo kwa papo ni ya kadhi mwenye haraka, na haraka hiyo haina baraka. Naitoa leo kwa kalamu, na huenda isimpendeze hata mmoja katika wawili hao.

Sisi watu wa mwambao tunao mchezo kama huu, ila wetu ni wa washairi. Weka mezani Muyaka bin Haji, aliyetunga mjini Mombasa katika zama za Mazrui, na umkabilishe na malenga yeyote wa karne ya ishirini, kwa mfano Ahmad Nassir Juma Bhalo. Mabishano yatakwenda hadi kahawa iishe. Lakini katika ushairi hukumu inawezekana kwa sababu kipimo hakikuhama. Ubeti wa Muyaka una mizani 16 katika mstari, 8 na 8, na ubeti wa leo una mizani zile zile, na vina vyake vya kati na vya mwisho. Wawili hao hawakuonana, na umbali wa miaka baina yao ni zaidi ya mia, walakini wamepigana katika ulingo mmoja wenye kamba za urefu mmoja.

Katika ndondi sivyo. Kipimo kimehama mara nyingi, na hapo ndipo baraza ya Mowlem inapokwenda upogo.

Wala si baraza ya Mowlem peke yake. Wamarekani, ambao hawakosi mtambo wa kutendea kila jambo, walijaribu kulimaliza suala hili kwa kompyuta. Mtayarishaji mmoja wa redio wa Miami, jina lake Murray Woroner, mwaka 1967 aliingiza katika kompyuta sifa za mabingwa wa uzani wa juu wa zama mbalimbali, kisha akawapiganisha redioni. Mashine ikaamua kwamba Muhammad Ali alishindwa na Jim Jeffries, bingwa wa tangu mwaka 1899 hadi 1905. Ali akakasirika akaenda mahakamani, akidai dola milioni moja kwa kuvunjiwa heshima. Shauri lilikwisha kwa mapatano, na katika mapatano hayo Ali akakubali kuingia ulingoni mbele ya kamera na Rocky Marciano, bingwa aliyestaafu bila kushindwa hata mara moja. Mwaka 1969 wakacheza raundi nyingi za kuigiza, Marciano akiwa amevaa nywele za bandia kuficha upara. Filamu ikapigwa na miisho mbalimbali, ili mwisho wa kweli ubakie siri. Marciano akafa katika ajali ya ndege tarehe 31 Agosti mwaka huo, kabla filamu haijaonyeshwa.

Ilipotoka mwezi Januari 1970, Marekani walionyeshwa Marciano akimwangusha Ali katika raundi ya 13. Ulaya ilikuja filamu nyingine, na humo mshindi ni Ali. Pambano moja, kompyuta moja, washindi wawili, kila mmoja akiuzwa katika soko lake! Kumbe mashine nayo hutazama nani amenunua tikiti. Basi tusiilaumu benchi ya kinyozi.

Sasa tuje kwetu. Waruinge alikuwa bondia wa kilo 57, uzani waitao wa unyoya. Wangila alikuwa wa kilo 67, uzani wa welta. Kati yao zimo kilo 10, na kilo 10 katika ndondi si jambo la kupuuzwa. Ukiwaingiza ulingoni walivyo, hakuna mwamuzi mwenye akili atakayeligonga kengele. Ili wapigane lazima tumpandishe mmoja au tumteremshe mwingine kwa dhana, na mara tu tukianza kudhani, kila mtu atadhani la kumfaa.

Tuwadhanie sawa, kwa ajili ya fundi wa viatu. Waruinge, kijana wa Nakuru, alitwaa dhahabu ya Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Kingston mwaka 1966, akairudia Edinburgh mwaka 1970. Katika Olimpiki ya Mexico ya 1968 alipata shaba, baada ya kushindwa katika nusu fainali kwa kura 3 kwa 2. Aliyemshinda ni Antonio Roldán, naye ni Mmexico, na pambano liko Mexico. Msomaji ajaze mwenyewe. Ajabu ni kwamba kikombe cha Val Barker, apewacho bondia mwenye ufundi mzuri kuliko wote katika Olimpiki, hakupewa yeyote wa dhahabu. Alipewa huyu wa shaba. Mwaka 1972 mjini Munich akafika fainali, na akashindwa tena kwa 3 kwa 2, mara hii na Boris Kuznetsov wa Urusi ya Kisovieti. Kura mbili tu, moja Mexico na moja Munich, zingegeuka upande, leo tungekuwa tunamtaja kama mtu mwenye nafasi ya dhahabu mbili.

Wangila naye tumpe haki yake. Mwaka 1988 mjini Seoul alimlaza Laurent Boudouani wa Ufaransa katika raundi ya pili ya fainali. Hakuna bondia mwingine wa Kenya aliyepata dhahabu ya Olimpiki, wala hakuna Mkenya aliyeipata nje ya riadha. Na Boudouani hakuwa mtu wa kuokotwa njiani: baadaye alikuwa bingwa wa dunia wa ndondi za kulipwa kwa miaka kadhaa. Nilikuwa kijana wakati huo, na nakumbuka redio ya Sauti ya Kenya ilivyotangaza habari ile, na jinsi watu wasioijua ndondi hata kidogo walivyotoka nje kuuliza welta ni nini.

Lakini kijana wa bodaboda hakuyataja mambo mawili, na nadhani hakuyajua. Kwanza, Wangila alipigana amevaa kofia ya kinga, kwa kuwa tangu Olimpiki ya 1984 ililazimishwa; Waruinge alipigana kichwa wazi. Bondia mwepesi wa kukwepa haihitaji kofia, na pengine humzibia macho pembeni. Pili, Wakuba hawakuwako Seoul. Walisusia michezo ile, kama walivyosusia ile ya Los Angeles ya 1984. Katika ndondi za ridhaa za miaka ile, kutwaa dhahabu bila kumwona Mkuba ni kama kushinda mashindano ya ngalawa siku Walamu wamekataa kuja. Dhahabu ni halali, na mwenye nayo hakuiba, lakini mzani wa haki lazima uliweke na hilo.

Hukumu yangu kwa raundi tatu, uzani uliosawazishwa kwa dhana, ni Waruinge kwa pointi, kwa sharti asimame mbali na mkono wa kulia wa Wangila kwa dakika zote tisa. Ukimfika mara moja, nairarua hukumu hii mwenyewe.

Ila pambano hilo si zuri. Linapendwa kwa kuwa majina ni makubwa, si kwa kuwa watu hao wanalingana. Anayetaka kumpambanisha mtu na mtu wa zama nyingine atafute kwanza kilo zilizo sawa. Akifanya hivyo atajikuta anavuka mpaka wa Busia, maana miaka ile ndondi za Kenya na za Uganda zilikuwa kama ndugu wawili waliolala kitanda kimoja, kila mmoja akimvuta mwenzake shuka.

Kwa mfano, chukua kilo 51. Kenya inaye Ibrahim Bilali, jina ambalo msomaji wa pwani hahitaji kufasiriwa, aliyepata shaba Los Angeles mwaka 1984. Uganda inaye Leo Rwabwogo, aliyepata shaba Mexico 1968 na fedha Munich 1972. Uzani mmoja, raundi tatu, na kati yao miaka kumi na kidogo. Hapo pana pambano! Mimi namwona Rwabwogo akishinda, kwa sababu medali zake mbili alizipata mataifa yote makubwa ya ndondi yakiwa uwanjani, na Los Angeles hawakuwako Wasovieti wala Wakuba. Lakini ningelipa kiingilio.

Au chukua kilo 67, na hapa nawaomba vijana wa Mowlem wainame wasikilize. John Mugabi wa Uganda alipata medali ya fedha katika uzani huo huo wa Wangila mjini Moscow mwaka 1980, akishindwa fainali na Andrés Aldama wa Kuba. Alipoingia ndondi za kulipwa wakamwita "Mnyama", na kila mtu aliyepigana naye kabla ya Marvin Hagler alianguka au alisimamishwa. Hakuna hata mmoja aliyefika naye mwisho. Tarehe 10 Machi 1986, huko Las Vegas, alipanda uzani kumkabili Hagler mwenyewe, na ikambidi Hagler afanye kazi ya raundi 11 ili amwangushe. Mwaka 1989 akawa bingwa wa dunia katika uzani wa kilo 70 hivi.

Sasa mweke Mugabi wa 1980 na Wangila wa 1988. Wote wawili ni wapigaji, wala hakuna hata mmoja anayejua kurudi nyuma. Kwa raundi tatu za ridhaa, kofia za kinga kichwani, nampa Wangila, kwa sababu mkono wake ulikuwa mnyoofu na wa mkato mfupi, na Mugabi alikuwa akizungusha ngumi kama mtu apuraye mpunga. Kwa raundi 12 za kulipwa nampa Mugabi, kabla ya raundi ya sita. Fundi wa viatu hatakubali, kwa kuwa hataki Mganda ashinde. Hiyo ni siasa.

(Ayub Kalule namwacha nje kwa makusudi. Yeye aliyekuwa bingwa wa dunia wa ridhaa mjini Havana mwaka 1974, kisha bingwa wa dunia wa kulipwa 1979, hata ikahitajika Sugar Ray Leonard kumvua mkanda mjini Houston mwaka 1981, anastahili makala yake mwenyewe.)

Mama muuza maharagwe aliyekuwa karibu alituuliza mbona hatuwataji wanawake. Alikuwa na haki. Kariobangi, ambako unafika kwa miguu kutoka Mowlem, wasichana wamefunzwa masumbwi kwa miaka mingi, na Elizabeth Andiego alikuwa bondia wa kwanza wa kike wa Kenya kwenda Olimpiki, London mwaka 2012. Fatuma Zarika alitwaa mkanda wa dunia wa WBC huko Marekani mwaka 2016 kwa kumshinda Alicia Ashley, akautetea Nairobi mbele ya watu wake, akaupoteza Mexico mwaka 2019. Benchi ikataka kumpambanisha na Conjestina Achieng, aliyetangulia kuufungua mlango. Nikawaambia kilo. Fatuma ni wa kilo 55, Conjestina wa kilo zipatazo 70 na zaidi. Wakanyamaza, lakini yule mama alisema Fatuma angeshinda tu.

Hapa nataka nilitamke jambo ambalo msomaji wa pwani huenda analo kifuani tangu mwanzo wa makala. Sisi tuliosoma chuoni tulifunzwa kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza kupiga uso. Wanavyuoni wengi wameutumia mkatazo huo kuukataa mchezo wa ndondi, na mwalimu wangu wa Kurani alikuwa mmoja wao. Alitukuta tukirushiana ngumi nyuma ya msikiti akatuuliza, huo uso umeumba wewe? Zanzibar nako baada ya Mapinduzi ya 1964 ndondi zilipigwa marufuku, ikapita zaidi ya nusu karne, hadi zikaruhusiwa tena katika utawala wa Rais Hussein Mwinyi. Mchezo wetu wa kirumbizi, unaochezwa Lamu kwenye harusi na Maulidi kwa fimbo na zumari, una ukali wake, lakini ufundi wake uko katika kuizuia fimbo ya mwenzako zaidi kuliko kumwumiza.

Na Wangila ndiye ushahidi mchungu wa jambo hilo. Tarehe 22 Julai 1994 alipigana Las Vegas na David Gonzalez. Refa alisimamisha pambano katika raundi ya tisa. Wangila hakuridhika, alitaka kuendelea. Baadaye akapoteza fahamu, na tarehe 24 akafariki, hajafika miaka 27. Alikuwa amesilimu, na maiti yake ilipoletwa nyumbani, mvutano ukazuka baina ya mjane wake, aliyetaka azikwe Kiislamu, na jamaa zake wa magharibi ya Kenya, hata jambo likafika mahakamani. Kijana wa bodaboda, ambaye amelitazama pambano la Seoul mara mia, hakuwa na habari ya lile la mwisho. Nilipomweleza aliitia simu mfukoni.

Ndiyo maana nasema mapambano haya ya barazani yana halali yake. Hayampasui mtu nyusi. Ila kama tunapigana kwa maneno tu, basi tuyapange kwa uadilifu, na uadilifu huo unanifikisha kwa mtu ambaye kwa alasiri tatu sikulisikia jina lake hata mara moja.

Naye ni Stephen Muchoki, kilo 48. Mwaka 1974 alitwaa dhahabu ya Jumuiya ya Madola mjini Christchurch. Mwaka huo huo, mashindano ya kwanza ya dunia ya ndondi za ridhaa yalipofanywa Havana, alifika fainali na akashindwa na Jorge Hernández, Mkuba, mbele ya Wakuba. Mwaka 1978 mjini Belgrade akawa bingwa wa dunia, Mkenya wa kwanza. Mwaka huo huo akatwaa tena dhahabu ya Madola huko Edmonton. Ukiweka ubingwa wa dunia katika mizani, hakuna bondia wa ridhaa wa Kenya aliyefika hapo kabla yake.

Na kwa nini hatajwi Mowlem? Kwa kuwa hana Olimpiki. Kati ya Havana na Belgrade palikuwa na Montreal ya 1976, na Kenya, pamoja na nchi nyingi za Afrika, ilijitoa kwa sababu New Zealand ilipeleka timu ya raga kucheza na Afrika Kusini ya makaburu. Sababu ilikuwa ya haki, na sitaki mtu anisome vibaya. Lakini gharama yake ililipwa na watu wachache, na mmoja wao alikuwa na kilo 48 tu. Aliyetwaa dhahabu ya uzani huo Montreal ni nani? Jorge Hernández.

Ikaja Moscow ya 1980, na Kenya ikasusia tena, mara hii kwa ombi la Wamarekani, kwa ajili ya majeshi ya Kisovieti kuingia Afghanistan. Mwezi wa Februari mwaka huo Rais Carter alimtuma Afrika mjumbe wa kuzishawishi serikali, na mjumbe huyo hakuwa mwingine ila Muhammad Ali. Mwalimu Nyerere alikataa kuonana naye mjini Dar es Salaam. Waandishi wa habari wakamwuliza mbona Marekani haikuwaunga mkono Waafrika mwaka 1976, na Ali, kwa uungwana wake, akakiri kwamba hilo hakuwa ameelezwa. Akaja Nairobi akapokewa. Sisi wa pwani tulimpenda Ali mapenzi ya kidugu, watoto wengi wakapewa jina lake, na mapenzi hayo hayajapungua. Illakini katika safari ile alikuja kuwaambia mabondia wasiende kupigana. Uganda ilikwenda, na Mugabi akarudi na fedha yake.

Muchoki akaenda Copenhagen kupigana kwa malipo. Mwezi Novemba 1982, mji huo huo, alimkabili Santos Laciar wa Argentina kwa ubingwa wa dunia wa WBA, uzani wa kilo 51. Pambano lilipangwa raundi 15, kama ilivyokuwa desturi. Laciar alimsimamisha katika raundi ya 13.

Siku chache tu baada ya hapo, tarehe 13 Novemba, Duk Koo Kim wa Korea Kusini aliangushwa katika raundi ya 14 na Ray Mancini huko Las Vegas, akafariki baada ya siku nne. Kwa kifo hicho WBC ikapunguza mapambano ya ubingwa kuwa raundi 12, na WBA ikafuata mwaka 1987. Tangu hapo bondia wa ubingwa hapigani raundi ya 13. Ile iliyommaliza Muchoki imefutwa.

Hilo ndilo pambano la zama mbalimbali ningependa Mowlem walijadili: Muchoki wa 1982 na Laciar wa 1982, kwa sheria za miaka mitano baadaye. Hatuhitaji kumpandisha mtu kilo wala kumfufua, wala kompyuta ya Miami. Tunaondoa raundi tatu tu. Kengele ya 12 inalia, Muchoki yuko wima, na karatasi za waamuzi zinakusanywa.

Na kama wakitaka la pili, tuwapeleke Montreal, Julai 1976, kilo 48, raundi tatu, Muchoki na Hernández. Havana Mkuba alikuwa nyumbani; Montreal wote wawili ni wageni. Havana Muchoki alikuwa ndiyo kwanza anaingia mashindano ya dunia. Montreal angekuwa na miaka miwili zaidi ya ukomavu, na miwili tu kabla ya Belgrade. Mimi nampa Muchoki, kura 3 kwa 2. Kura zile mbili zilizomkosa Waruinge nimezitia humu. Mwenye kauli nyingine na aiandikie meza hii, ila aanze kwa kutaja kilo.